Mikataba ya Dhahabu Imejadiliwa Upya, Siri Bado Ni Ile Ile

Juni 14, 2017, Rais John Magufuli alimpokea Ikulu, Dar es Salaam, mwenyekiti wa kampuni ya Barrick Gold, John Thornton. Mgeni alikuja kutafuta suluhu ya mgogoro wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ikiwa Kahama, mkoani Shinyanga. Kwa wiki kadhaa Acacia, kampuni tanzu ya Barrick, ilikuwa imetupiwa lawama za kuiibia nchi. Siku hiyo tajiri wake akakaribishwa kiti na mazungumzo yakafunguliwa.

Siku iliyofuata, Juni 15, gazeti la Mawio lilifungiwa kwa miezi 24. Kosa lake lilikuwa kuchapisha picha za marais wastaafu Benjamin Mkapa na Jakaya Kikwete na kuwahusisha na mikataba ya madini. Mikataba yenyewe ndiyo hiyo ambayo Serikali ilikuwa ikiilaani mchana kweupe. Rais alikuwa ametahadharisha kwamba wastaafu hao waachwe wapumzike, na gazeti halikuacha.

Matukio hayo mawili yaliyofuatana kwa saa chache yanafaa kusomwa pamoja. Tangu miaka ya tisini, msimamo wa dola ya Tanzania kuhusu mwekezaji wa nje umegeuka zaidi ya mara moja: mwekezaji alikaribishwa kwa zulia, akavumiliwa, akashutumiwa, kisha akawa mbia. Msimamo wa dola hiyo hiyo kuhusu haki ya raia kujua kilichoandikwa ndani ya makubaliano umesogea kidogo sana. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba mambo hayo mawili hayaendi pamoja kama wengi tunavyodhani. Serikali inaweza kumkazia mgeni na wakati huo huo ikamziba mdomo mwananchi wake. Na mahali ambapo mwananchi hajui kitu, mgeni hana haja ya kumshawishi mtu yeyote zaidi ya wachache waliomo chumbani.

Kwa nini tuanze na Sudan

Wasikilizaji wa taarifa za Kiswahili wamezoea kusikia Sudan ikitajwa kila jioni kama nchi ya vita isiyohusiana na ya kwetu. Ukiondoa mizinga ukatazama hesabu, utakuta dhahabu.

Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011, Khartoum ilipoteza takriban robo tatu ya uzalishaji wake wa mafuta. Pengo hilo likazibwa na dhahabu. Mwaka 2012 wachimbaji wadogo walimiminika Jebel Amer, Darfur Kaskazini, na mwanzoni mwa 2013 koo zilizokuwa zikigombea maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, ya huko zikauana. Mwishoni mwa 2017 wapiganaji wa Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana kama Hemedti, walimkamata mpinzani wake Musa Hilal, na eneo lile likawa mikononi mwao. Kampuni ya familia yake, Al Junaid, ikaingia katika biashara ya dhahabu, na soko kubwa likawa Dubai. Kwa upande mwingine, kampuni ya Meroe Gold, iliyohusishwa na Mrusi Yevgeny Prigozhin, ilipewa nafasi ya kuchimba; Marekani iliiwekea vikwazo Julai 2020. Vita vilipolipuka Aprili 15, 2023, jenerali mmoja, Hemedti, tayari alikuwa na jeshi lake, mgodi wake na mnunuzi wake. Hakuhitaji bajeti ya bunge lolote.

Magazeti ya Khartoum yalikuwa wapi muda wote huo? Wakati wa utawala wa Omar al-Bashir, idara ya usalama ilikuwa na mbinu moja ya kikatili kuliko amri ya kufungia. Ililiacha gazeti lichapishwe lote, kisha ikabeba nakala zote alfajiri kabla hazijafika mitaani. Mwenye gazeti alibaki na deni la karatasi, wino na mishahara. Baada ya kunyang'anywa mara tatu au nne, mhariri alijifunza mwenyewe habari zipi zina hasara. Vita vilipoanza, mitambo ya uchapaji ya Khartoum ilisimama, na Wasudani wakawa wanasikiliza habari za nchi yao kupitia redio kama Dabanga, inayoendeshwa kutoka Uholanzi.

Machi 2025 Sudan iliishtaki Umoja wa Falme za Kiarabu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikidai kwamba inawapa silaha wapiganaji wa Hemedti. Abu Dhabi ilikanusha, na Mei mwaka huo mahakama ililiondoa shauri kwa kukosa mamlaka ya kulisikiliza. Hivyo hata swali lililo nyuma ya shauri hilo, la nani alinunua dhahabu ya Darfur na alilipa kwa kitu gani halikujibiwa na mahakama, na magazeti ya Sudan yaliyopaswa kulijibu miaka kumi kabla yalikuwa yamekwishavunjwa mgongo.

Tanzania si Sudan, na anayesema tofauti anatishia watu bure. Huku jeshi ni moja, leseni hutolewa na Tume ya Madini, na hakuna kundi lenye silaha linalomiliki duara Geita wala Kakola, jirani na Bulyanhulu. Sudan inatusaidia kuona mwisho wa njia ambayo hatua zake za mwanzo ni za kawaida kabisa: hesabu ya dhahabu inayojulikana na watu wachache, na gazeti linaloogopa kuuliza.

Bulyanhulu: mgogoro uliohamia London na Montreal

Dhahabu ya Kanda ya Ziwa haikuanza na Wakanada. Wajerumani waliifahamu ya Geita mwishoni mwa karne ya 19, na chini ya Waingereza mgodi wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya thelathini hadi 1966. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson, na jiwe moja la rangi ya waridi kutoka Mwadui lilitolewa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi mwaka 1947. Kanda hii imezoea kuona vyake vikipanda ndege.

Jipya lilikuja miaka ya tisini. Bulyanhulu ilikuwa imejaa wachimbaji wadogo, watu waliotoka Usukumani kote na mikoa ya jirani, na kuzunguka maduara yao kulikuwa na maduka, mama lishe, mafundi na wapiga debe. Kampuni ya Kahama Mining, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Vancouver, ilikuwa na leseni. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1996 Serikali iliwaondoa wachimbaji kwa nguvu na mashimo yakafukiwa. Yakazuka madai kwamba watu zaidi ya hamsini walifukiwa humo wakiwa hai. Kampuni na Serikali zilikanusha tangu siku ya kwanza. Mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ilisema haikupata ushahidi wa kuunga mkono madai hayo. Waliodai nao waliendelea kudai uchunguzi huru, ambao haukufanyika.

Barrick iliinunua Sutton mwaka 1999. Mwaka uliofuata shirika la Benki ya Dunia la kudhamini uwekezaji, MIGA, liliupa mradi kinga ya dola milioni 172 dhidi ya hatari za kisiasa. Mgodi ulizinduliwa mwaka 2001. Mwaka huo huo shirika la wanasheria wa mazingira, LEAT, lilifufua madai ya 1996. Polisi wakapekua ofisi zake, na viongozi wake, miongoni mwao Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala, wakaandamwa na mashtaka ya uchochezi.

Upande wa pili wa bahari njia ilikuwa nyingine. Gazeti la The Observer la London lilichapisha makala ya Greg Palast mwishoni mwa 2000 iliyogusa Bulyanhulu. Barrick ilishtaki, na mwaka 2001 gazeti lilimaliza shauri kwa kuomba radhi. Sheria ya kashfa ya Uingereza wakati huo ilimtaka mchapishaji athibitishe ukweli wa alichoandika, na gharama za kesi pekee zilitosha kumfanya tajiri afikiri mara mbili. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilifungua mashtaka juu ya kitabu cha Noir Canada, kilichotolewa na mchapishaji mdogo wa Montreal, Écosociété, ikidai dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 2011 mchapishaji alikubali kuacha kukichapa. Kesi hiyo ilichangia mjadala uliolifanya jimbo la Quebec litunge mwaka 2009 sheria ya kuzuia mashtaka yanayotumika kunyamazisha wasemaji.

Inawezekana kampuni ilikuwa na haki ya kisheria katika kila moja ya mashauri hayo. Jambo la kutazama ni lingine. Mwanamke wa Kakola aliyesema mumewe hakurudi nyumbani Agosti 1996 hakuwa shahidi mahali popote. Kauli yake ilitafsiriwa, ikachapishwa na watu wa mbali, ikashtakiwa mbali, ikafutwa mbali. Dar es Salaam, aliyeirudia aliitwa mchochezi. Kama chumba cha habari cha nchini kingekuwa na uhuru na fedha za kukaa Kahama mwezi mzima mwaka 1996, kikahesabu watu kwa majina, leo tungekuwa na jibu, la ndiyo au la hapana. Ukosefu wa jibu umewaumiza wote, na kampuni nayo imebeba tuhuma kwa karibu miaka thelathini.

Dola 200,000 ambazo diwani hakuzijua

Mikataba ya awali ilikuwa na kipengele kimoja kinachofundisha kuliko hotuba nyingi. Sheria ya fedha za serikali za mitaa inaziruhusu halmashauri kutoza ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya kampuni. Mikataba ya migodi mikubwa iliweka badala yake kiwango cha dola 200,000 kwa mwaka. Kwa mgodi unaouza dhahabu ya mamia ya mamilioni ya dola, tofauti ni kubwa. Asilimia 0.3 ya dola milioni 300 ni dola 900,000. Kahama na Geita zilipokea kiwango hicho kidogo kwa miaka mingi, hadi katikati ya muongo wa 2010 kampuni zilipoanza kulipa kwa asilimia.

Diwani aliyekaa kwenye baraza akijadili uhaba wa madawati hakuwa na nakala ya mkataba. Mwandishi wa mkoani hakuwa nayo. Waliokuwa nayo ni wizara, kampuni na mawakili wao. Hapo ndipo ushawishi wa nje ulipofanya kazi yake, bila kuhonga mtu na bila kumtisha mtu. Ulitosha ukweli kwamba upande mmoja umesoma na upande mwingine haujasoma.

Mfumo wenyewe ulikuwa umejengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, na Sheria ya Madini ya 1998 ikaweka mrabaha wa asilimia 3 na kumruhusu mgeni kumiliki mgodi kwa asilimia 100. Watetezi wake walikuwa na hoja: nchi ilikuwa maskini, haikuwa na mtaji wala mitambo ya kuchimba chini ya ardhi, na bei ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya tisini ilikuwa chini ya dola 300 kwa wakia. Masharti laini ndiyo yaliyoleta migodi. Lakini bei ilipopanda, masharti yalibaki yamefungwa kwenye kabati.

Kabati lilifunguliwa kidogo mwaka 2007. Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alikuwa amesaini mkataba wa Buzwagi jijini London mwezi Februari. Mbunge kijana, Zitto Kabwe, aliwasilisha hoja bungeni mwezi Agosti akitaka kamati ichunguze, na Bunge likamsimamisha hadi Januari mwaka uliofuata kwa kudaiwa kusema uongo. Adhabu ikageuka tangazo. Magazeti yakaandika wiki baada ya wiki, mikutano ya hadhara ikajaa, na Novemba mwaka huo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani, akimteua pia Zitto kuwa mjumbe. Matokeo yake yalikuwa Sheria ya Madini ya 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4.

Ndani ya miaka mitatu, mbunge mmoja na magazeti kadhaa walikuwa wamefanya kile ambacho wataalamu wa wizara hawakukifanya kwa muongo mzima. Huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba habari iliyo wazi huiongezea Serikali nguvu mezani.

2017: mkono wa chuma kwa pande mbili

Mageuzi ya Magufuli yalikuwa makubwa na hayastahili kubezwa. Machi 2017 alizuia makinikia kusafirishwa nje, na makontena 277 yakakwama. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikawasilisha taarifa Mei, Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akaondolewa, na taarifa ya kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni. Julai, Bunge likapitisha kwa hati ya dharura sheria tatu zilizoitangaza mamlaka ya nchi juu ya rasilimali zake, zikaruhusu kujadili upya masharti hasi, na zikaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16. Mrabaha ukawa asilimia 6, pamoja na asilimia 1 ya ada ya ukaguzi. Acacia ikaletewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Oktoba yakatangazwa makubaliano na Barrick: hisa asilimia 16, mgawanyo wa manufaa nusu kwa nusu na malipo ya dola milioni 300. Mkataba ulisainiwa Januari 2020 na kampuni ya ubia ya Twiga ikaanza kazi.

Sasa tazama upande wa pili wa mwaka huo huo. Mawio lilifungiwa Juni. Septemba likafuata MwanaHalisi, kwa miezi 24, na Raia Mwema kwa siku 90. Oktoba ikawa zamu ya Tanzania Daima. Sababu zilitofautiana, lakini silaha ilikuwa moja: Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, iliyompa waziri uwezo mpana na kulifanya gazeti liombe leseni upya kila mwaka. Tundu Lissu, aliyeshtakiwa kwa uchochezi kwa ajili ya Bulyanhulu, alipinga namna sakata la makinikia lilivyoendeshwa, akionya kwamba nchi ingeburuzwa kwenye usuluhishi wa kimataifa. Alikamatwa mara kadhaa mwaka huo, na Septemba 7 akapigwa risasi nyingi nje ya makazi yake Dodoma. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo.

Kuhusu usuluhishi, historia haikumpinga. Acacia ilifungua mashauri Julai 2017, yakaja kumalizwa na makubaliano. Kampuni nyingine, ambazo leseni zao ziliathiriwa na mabadiliko ya sheria, ziliendelea: Winshear Gold ilimaliza kwa kulipwa dola milioni 30 mwaka 2023, na Indiana Resources, baada ya kushinda tuzo ya zaidi ya dola milioni 100 kwa mradi wa nikeli wa Ntaka Hill, ilikubali dola milioni 90 mwaka 2024. Fedha hizo ni za walipakodi. Onyo lilitolewa mapema, ila likasikika kama usaliti, kwa sababu katika hali ya mwaka ule kuuliza swali kuhusu mbinu kulihesabiwa kuwa kumtetea mwizi.

Swali gumu zaidi ni lile la dola bilioni 190 zilizogeuka milioni 300. Ama hesabu ya kwanza haikuwa sahihi, ama msamaha wa pili ulikuwa mkubwa mno. Huenda pia ilikuwa mbinu halali ya kupatana bei, uanze juu ili ufike katikati. Vyombo vya habari vilivyo huru vingelitafuna swali hilo kwa miezi. Vilinukuu taarifa ya Ikulu, vikahamia habari nyingine.

Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Februari 2022 Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliyafungulia magazeti manne yaliyokuwa yamezuiwa, na 2023 sheria ikalegezwa kidogo. Watu wakapumua. Kisha ukaja mwaka 2025: mtandao wa X ukazuiwa Mei, leseni ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums ikasimamishwa Septemba, na intaneti ikazimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29. Lissu alikuwa mahabusu tangu Aprili kwa shtaka la uhaini.

Mwandishi wa mkoani na gari la mgodi

Mjadala wa uhuru wa habari hufanyika zaidi Dar es Salaam na Dodoma, lakini dhahabu iko Msalala, Kahama, Geita, Nyang'hwale na Mbogwe. Huko habari huletwa na redio: Radio Faraja ya Shinyanga, Kahama FM, Storm FM ya Geita na nyinginezo. Mwandishi wa redio hizo mara nyingi hana mshahara wa maana. Analipwa kwa stori, nauli anajitegemea. Mgodi uko kilomita nyingi kutoka mjini na geti lake halifunguki kwa hodi. Anaingia siku ambayo afisa uhusiano ameandaa ziara, kwa gari la kampuni, anakula chakula cha kampuni, anarudi na posho. Stori inayotoka ni ya zahanati iliyokabidhiwa au madawati yaliyochangwa. Si stori ya uongo, ila ni nusu ya stori.

Akitaka nusu ya pili, ya fidia, ya maji yaliyochafuka au ya kijana aliyepigwa akiokota mawe, anakutana na ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambaye sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Sheria inaweka masharti, lakini mwandishi asiye na wakili hayasomi masharti akiwa nyuma ya nondo. Juu ya hayo, matangazo ya biashara yanayoiweka redio hewani yanatoka sehemu mbili: Serikali na kampuni kubwa. Tangu mkataba wa 2020, Serikali na Barrick ni wabia.

Hili la ubia halijajadiliwa vya kutosha. Zamani, mgodi ulipokosea, kulikuwa angalau na nafasi ya kinadharia kwamba Serikali ingekuwa upande wa mlalamikaji. Leo Serikali inapokea gawio kutoka Twiga. Ni jambo zuri kwa hazina, lakini linamfanya msimamizi awe pia mfanyabiashara, na linaongeza haja ya mtu wa tatu mwenye kuuliza.

Mtu huyo wa tatu naye ana wafadhili. Kwa miaka mingi, habari za uchunguzi nchini zimetegemea ruzuku za nje, na wasikilizaji vijijini wamekimbilia BBC, DW na Sauti ya Amerika walipotaka habari ambazo redio za nyumbani haziwezi kusema. Machi 2025 Washington iliifunga midomo Sauti ya Amerika kwa amri ya siku moja. Funzo ni chungu lakini la haki: anayepata habari za kwake kutoka kwa mgeni atakosa habari siku mgeni akibadili mawazo. Wanaosema ruzuku za nje ni ushawishi wa nje wana hoja. Tatizo lao ni kwamba wengi wao hawapendekezi chombo cha ndani kilicho huru, wanapendekeza kimya.

Njia ya Dubai

Ushawishi wa nje wenyewe umebadilika sura. Mkanada wa miaka ya tisini alikuja na leseni, mitambo na mkopo wa benki. Mgeni wa sasa anaweza asichimbe kabisa. Anakaa mwisho wa mnyororo, mahali dhahabu inaposafishwa na kuuzwa. Juni 2021 Rais Samia alizindua kiwanda cha kusafisha dhahabu jijini Mwanza, ubia wa shirika la madini la Serikali, STAMICO, na kampuni za Dubai na Singapore. Dubai hiyo hiyo ndiyo soko la dhahabu ya Sudan, ya Kongo mashariki na ya nchi nyingi za Afrika ambayo haikupita njia rasmi.

Hakuna ubaya kuuza Dubai. Biashara huenda penye mnunuzi. Hatari ni kwamba dhahabu ikishayeyushwa haina asili, na nchi ambayo haina rekodi za wazi haiwezi kuthibitisha kwamba yake ni safi, wala kujua ni kiasi gani kimepitia pembeni. Kuanzia Oktoba 2024 wauzaji wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe nchini na iuzwe Benki Kuu. Huo ni uamuzi wa busara, hasa kwa kuwa mwaka 2025 bei ilivuka dola 4,000 kwa wakia. Ni uamuzi pia unaohitaji takwimu zinazoonekana na watu wengi.

Ushahidi wa ubao wa bei

Wanaotetea usiri husema mazungumzo na kampuni kubwa hayawezi kufanyika sokoni, na kwamba gazeti moja lenye papara linaweza kuvuruga kazi ya miezi. Wakati wa majadiliano hilo linakubalika. Haliwezi kukubalika baada ya wino kukauka. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji ya 2015 inataka mikataba iwekwe hadharani, na Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi huo mwaka 2009. Sheria ipo na mikataba ipo. Kilichosuasua ni kuvikutanisha.

Kanda hii yenyewe ina ushahidi mzuri wa faida za uwazi. Mkulima wa pamba wa Kishapu amezoea bei kutangazwa redioni mwanzo wa msimu. Mnunuzi akimpunja, anajua kapunjwa shilingi ngapi. Mchimbaji mdogo hakuwa na kitu kama hicho. Aliuza kwa broka, kwa bei ya broka, na dhahabu ikavuka mpaka kimya kimya. Machi 2019 soko la kwanza la madini lilifunguliwa Geita na mengine yakafuata, Tume ya Madini ikawa inatoa bei elekezi inayoendana na soko la dunia, na tozo zikapunguzwa. Dhahabu iliyokuwa ikipita njia za panya ikaanza kuingia kwenye vitabu. Hakuna askari aliyeongezwa porini kwa wingi wa kueleza mabadiliko hayo. Kilichoongezwa ni taarifa ambayo mchimbaji wa Nyarugusu anaweza kuisoma ukutani, pamoja na punguzo la tozo lililomfanya aone faida ya kuuza mbele ya macho ya watu.

Kanuni iliyofaa kwa gramu tano za mchimbaji inafaa pia kwa tani za mgodi. Mkataba wa Twiga uchapishwe wote kwa Kiswahili. Halmashauri zipewe kila robo mwaka hesabu ya mauzo ya mgodi ulio ndani ya mipaka yao, ili ushuru wa asilimia 0.3 usiwe imani. Uwezo wa kumweka mtu ndani saa 48 usitumike kwa mwandishi aliye kazini. Redio za mikoa zipate sehemu ya matangazo ya Serikali kwa utaratibu ulioandikwa, usiotegemea hisia za ofisa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kumfukuza mgeni au kumlamba miguu.

Sudan haikuuzwa na magazeti yake. Iliuzwa na watu waliohakikisha magazeti hayafiki mtaani. Tanzania imethibitisha mara mbili, 2007 bungeni na 2019 sokoni Geita, kwamba inapata zaidi pale watu wengi wanapojua bei. Serikali inayotaka kumshinda mgeni mezani inapaswa kuwaogopa wananchi wasiojua kuliko gazeti linalouliza, kwa sababu mgeni hana mtaji mkubwa kuliko ujinga wetu, na mtaji huo tunampa wenyewe bila mrabaha.